Sote wa Tarehe Moja Januari

Nyakuron, Juba
3 Februari 2025

Chan mdogo wangu,

Salamu. Mama hajambo, ni goti tu. Habari nyingine za nyumbani naziruka, kwa sababu leo namwandikia Chan mwenye Kadi, si Chan mwana wa mama yangu.

Unajua asubuhi mimi ni karani wa mapokezi kwenye zahanati moja Sherikat, na mchana nafungua duka langu la kuchapa na fotokopi hapa Nyakuron. Tangu Oktoba zahanati inaandikisha wagonjwa kwa hiyo programu yenu ya Kadi. Nilifurahi. Nilimwambia kila mtu kwenye foleni kwamba aliyeitengeneza ni ndugu yangu wa Nairobi, na kwamba ni programu huria, hainunuliwi, na yeyote anaweza kuifungua na kuirekebisha. Nimeifungua.

Tatizo ni hili. Kadi ikiona watu wawili wenye majina yaleyale, jinsia moja na tarehe moja ya kuzaliwa, inasema ni mtu mmoja, inauliza: "Niunganishe?" Huko kwenu labda ni sawa. Hapa nimehesabu. Tuna wagonjwa 4,312. Waliozaliwa tarehe 1 Januari ni 2,968. Kwa hesabu ya kawaida wangekuwa kumi na wawili, tuseme kumi na watano. Hawa 2,968 hawakuzaliwa siku hiyo. Walipangwa mstari kambini, karani akauliza mwaka, mtu akakisia, karani akaandika siku ya kwanza ya mwaka ili amalizane naye. Tarehe hiyo haimtambulishi mtu yeyote.

Wiki mbili zilizopita walikuja Adeng wawili. Baba mmoja, mama tofauti, na kila nyumba ilimpa binti wake jina la bibi, kama ilivyo kwetu. Lilly, anayeshika zamu ya Jumamosi, alibonyeza "Ndiyo". Kwenye kadi ya Adeng mkubwa palikuwa na onyo kwamba penisilini inamdhuru. Onyo likafutika, ikabaki kadi ya mdogo, safi. Jumatatu Adeng mkubwa akachomwa sindano. Uso ukavimba, pumzi ikakatika. Daktari Tut alikuwa hatua sita kutoka pale. Angekuwa hatua sitini ningekuwa nakuandikia barua nyingine.

Nimeambatanisha marekebisho. Ni mistari 41 ya programu. Kazi yake ni moja: tarehe 1 Januari ihesabiwe kama nafasi tupu, na programu iulize jina la mama kabla ya kuunganisha. Nimeijaribu siku tisa kwenye kompyuta ya dukani. Iangalie.

Dada yako,
Nyandeng Jok


Nairobi
6 Februari 2025

Dada mpendwa,

Aki nimefurahi kusikia Kadi imefika mpaka Sherikat! Nimewaonyesha wenzangu ofisini barua yako, wamecheka sana pale kwa foleni.

Pole kwa huyo mama wa sindano. Lakini dada, hiyo ni shida ya mafunzo, si ya programu. Lilly hakupaswa kubonyeza "Ndiyo". Na wewe waambie wagonjwa waandike tarehe zao za kweli. Mkianza vizuri mapema, data inakuwa safi.

Kuhusu marekebisho, sijayafungua, na nitakwambia kwa nini. Mimi ndiye mtunzaji mkuu wa mradi. Nikiingiza kazi ya dada yangu watu watasema nimeleta familia. Tena hii sehemu ya kuunganisha kadi ni nyeti, ina hesabu ndani yake, inahitaji mtu wa taaluma. Usijisumbue. Wewe tuletee maoni ya watumiaji, hayo ndiyo tunayoyakosa.

Habari njema: toleo la nne linatoka 30 Aprili, na kuunganisha kutakuwa kwa moja kwa moja, bila kuuliza. Hakuna Lilly tena wa kukosea. Wafadhili wanapima mradi kwa idadi ya kadi zilizojirudia tunazoziondoa, kwa hiyo unaelewa.

Msalimie mama. Mwambie goti alikande na mafuta ya moto.

Mdogo wako,
Chan


Nyakuron, Juba
9 Februari 2025

Prossy rafiki yangu,

Hujambo huko Arua? Tangu ufunge kibanda chako na kurudi ng'ambo ya mpaka sina mtu wa kugombana naye mchana, kwa hiyo nagombana kwa barua.

Chan amenijibu. Hakufungua hata faili. Ananiambia kuna hesabu ndani yake. Prossy, mimi! Nilichapa kurasa 412 za mwongozo wa bure kwenye mashine yangu mwenyewe, nikazisoma nikisubiri wateja, mpaka wino ukanibakia vidoleni. Huyu mtoto alipoanza kushika kompyuta pale Nakuru tulipokuwa tukiishi, kidole changu kilikuwa juu ya chake. Eti niwaambie watu waandike tarehe za kweli. Cheti chake yeye kina tarehe gani? Moja Januari. Changu? Moja Januari. Mama? Ndiyo hiyohiyo. Kwa programu yake sisi ni familia iliyozaliwa asubuhi moja, tumepishana miaka tu.

Sasa sikiliza. Kwenye ukurasa wa mbele wa Kadi imeandikwa kwamba wanapokea kazi ya mtu yeyote, hata asiyetaja jina. Nitawapelekea bila jina. Nina sababu mbili. Ya kwanza, mkataba wangu wa zahanati unasema karani haruhusiwi kugusa programu, na meneja wetu Tombe anaujua mkataba ule kuliko Injili. Ya pili, nataka mistari 41 isomwe kama mistari 41. Isisomwe kama kelele za dada.

Nimefungua anwani mpya. Nimejiita Zol Sakit. Wewe Kiarabu cha Juba unakijua: mtu tu, mtu wa kawaida.

Nina siku themanini kabla ya 30 Aprili.

Nyandeng


Kwa: orodha ya barua pepe ya mradi wa Kadi
Kutoka: Zol Sakit
12 Februari 2025

Watunzaji,

Nawasilisha marekebisho ya sehemu ya kuunganisha kadi, mistari 41.

Sababu: katika maeneo ambako watu waliandikishwa kambini, zaidi ya nusu wana tarehe ya kuzaliwa ya 1 Januari. Mahali ninapopajua mimi ni 69 katika kila 100. Kadi inaichukulia tarehe hiyo kama ushahidi. Si ushahidi. Watu tofauti wanaunganishwa, maonyo ya dawa yanapotea.

Suluhisho: tarehe 1 Januari ihesabiwe kama haikujazwa, jina la mama liulizwe.

Majaribio yameambatanishwa: watu 60 wa kubuni. Programu ya sasa inaunganisha jozi 17 kimakosa. Baada ya marekebisho, haiunganishi hata moja.

Data za wagonjwa sitatoa. Jina langu pia sitatoa. Kazi ipimeni yenyewe.

Zol Sakit


Nairobi
14 Februari 2025

Ndugu Zol Sakit,

Asante sana kwa kazi hii. Kusema kweli ni muda mrefu sijaona mtu akieleza tatizo kwa maneno machache hivi. Nimesoma kila mstari mara mbili. Hili la tarehe 1 Januari ni jambo tulilopaswa kuliona sisi, na nakushukuru kwa kutuonyesha bila kutudharau.

Nina maombi machache, nakutaka radhi kama yatakuchukulia muda wako. Mistari ya 12 hadi 20 nadhani inaweza kufupishwa. Na majaribio yangefaa yawe ya watu wasiopungua 200, wakiwemo ndugu wa baba mmoja na mama tofauti, maana nahisi huko kwenu hilo lipo.

Jina lako nakisia ni la Khartoum. Kama wewe ni mhandisi wa huko, heshima zangu, najua mnapitia wakati mgumu. Usiharakishe, bwana. Tutakusubiri.

Kwa heshima,
Chan Jok
Mtunzaji mkuu, Kadi


Arua
20 Februari 2025

Nyandeng we,

Mimi nasoma ile barua ya Chan wewe natuma, nacheka mpaka bwana yangu nauliza kama mimi iko mgonjwa! Sasa wewe iko mwanaume wa Khartoum, iko mhandisi. Mhandisi, iko na ndevu? "Nakutaka radhi, bwana." Ile kijana nakwambia wewe lini "nakutaka radhi"?

Lakini sikia mimi. Iko kitu moja hapana napenda. Wewe natuma hii kitu, yeye nafurahi, wewe nanyamaza. Kesho hii Zol nakuwa mkubwa, Nyandeng nakuwa mdogo. Mimi nasema ambia yeye sasa. Yeye naona haya, nalia kidogo, kalas, naisha. Ukingoja sana, hapana itakuwa haya tena. Itakuwa hasira.

Mimi najua wewe hapana sikia. Wewe iko na kichwa kama jiwe ya mlima Jebel.

Salimia mama. Hapa mihogo iko mingi, kuja kula.

Prossy wako


Nairobi
16 Machi 2025

Dada,

Samahani kwa kimya, kazi imenishika. Barua zako tatu nimeziona kwa mpigo leo.

Ngoja nikupe stori. Tumepata mtu, anajiita Zol Sakit, nadhani ni mzee fulani wa chuo kikuu Khartoum. Huyo jamaa ni moto! Ametuletea suluhisho la kuunganisha kadi, safi kabisa. Nilimwomba watu 200 wa majaribio, akaleta 240. Natamani ungeona anavyoandika, dada, ungejifunza mengi. Hana neno la ziada.

Sasa nina ombi. Mwisho wa Aprili niko Kigali kwenye mkutano wa wafadhili na ninatoa mada. Nimeamua niwasimulie jinsi sisi nyumbani sote tulivyozaliwa tarehe 1 Januari. Mama, wewe, mimi. Watu watapenda sana hiyo. Nitumie takwimu za hapo zahanati: ni wangapi wenye tarehe hiyo katika wangapi. Kama unaweza kuhesabu. Na picha moja ya mama ameshika kadi.

Chan


Nyakuron, Juba
20 Machi 2025

Chan,

Nimehesabu. Ni 3,051 katika 4,420. Namba za mwanzo zilikuwa kwenye barua yangu ya 3 Februari, aya ya tatu.

Picha ya mama sitakutumia. Nilimuuliza, akasema, "Amwambie mtu wa kamera aje anione mwenyewe, kama ninapendeza hivyo."

Kwa kuwa unapenda stori, chukua na hii, ya jana. Mzee Duku wa upande wa darajani alikuja kuchukua dawa ya presha. Kadi ikanionyesha alifariki Novemba. Lilly alikuwa amemuunganisha na Duku mwingine. Nikamwita Tombe. Tombe akasoma, akaondoa miwani, akairudisha.

"Mzee, mfumo unasema umefariki."

"Umesema nilikufa na nini?"

"Haikuandikwa."

"Basi mtafute anayejua, maana hata mimi ningependa kuambiwa. Halafu nipe dawa yangu."

"Siwezi kutoa dawa kwa jina la marehemu, mzee. Kuna ukaguzi."

"Mwanangu, nimetoka nyumbani kwa miguu, nimesimama kwa saa mbili. Marehemu gani ana subira hii?"

Foleni nzima ilicheka. Mzee hakucheka. Ilinichukua dakika 47 kumfufua, na ilibidi nimwandikishe kama mtu mpya, asiye na historia. Miaka kumi na moja ya presha yake haipo tena. Mengine nimeyajaza kutoka kwenye daftari langu, kwa sababu tangu kisa cha Adeng kila mgonjwa ninayempokea namwandika pia kwa mkono: jina, mama, kijiji, ugonjwa, dawa. Nimeshajaza madaftari sita ya shule.

Huyo Zol wako, kazi yake itaingia lini? Tarehe 30 Aprili si mbali.

Nyandeng


Nairobi
11 Aprili 2025

Ndugu Zol Sakit,

Nakuandikia nikiwa na aibu. Kazi yako imekamilika. Mistari 38 sasa, haina dosari, wenzangu wote wameipitisha. Lakini wanasheria wa mfadhili wamebadilisha kanuni. Kuanzia mwezi huu hakuna msimbo wa programu unaoingia bila hati iliyosainiwa kwa jina halisi na namba ya kitambulisho. Najua ukurasa wetu wa mbele unasema vingine. Utabadilishwa.

Kama unaweza kutoa jina, hata kwangu peke yangu, nitafurahi kulilinda. Kama huwezi, njia iliyobaki ni moja, na naisema kwa unyonge: uniruhusu niiingize mimi, kwa saini yangu. Kumbukumbu zitaonyesha kwamba mwandishi ni mimi.

Uamuzi ni wako. Sitakulaumu ukikataa.

Chan Jok


Zol Sakit
12 Aprili 2025

Bwana Jok,

Jina sitoi. Nikilitoa kuna mtu atapoteza kazi, na mtu huyo anahitajika alipo.

Weka lako. Sharti ni moja. Marekebisho yawe yanafanya kazi kwenye toleo la 30 Aprili, kila zahanati, tangu dakika ya kwanza. Sikuyaandika ili yahifadhiwe.

Zol Sakit


Kigali
25 Aprili 2025

Ndugu Zol,

Imeingia, kama nilivyokuandikia tarehe 13! Mistari yote 38, sikugusa hata mmoja. Jana niliwaonyesha wafadhili hapa mkutanoni na ukumbi ulisimama. Nilitamani ungekuwepo.

Jambo moja dogo la kiufundi. Tuliahidi kuondoa kadi zilizojirudia elfu ishirini kufikia Juni. Kwa kazi yako zitaondolewa elfu moja na mia nane tu, maana zinazobaki si marudio, kama ulivyotueleza. Mfadhili hakuipokea namba hiyo vizuri. Kwa hiyo tumekubaliana kwamba marekebisho yatakuwa ndani lakini yamezimwa, na kila zahanati inayoyataka itayawasha yenyewe. Ni swichi moja tu kwenye mipangilio, kwa neno la siri la meneja. Toleo la tano tutayawasha kwa wote.

Najua si kila ulichotaka. Ni hatua.

Kwa shukrani nyingi,
Chan Jok


Nyakuron, Juba
28 Aprili 2025

Chan,

Nimekupigia mara nne, simu yako imezimwa. Soma hii ukiwa umesimama, kisha ufanye ninalokuomba kabla hujakaa.

Zol Sakit ni mimi. Hakuna mzee wa Khartoum. Mistari 41 niliyokutumia tarehe 3 Februari ndiyo ileile. Ifungue sasa uone. Nilificha jina kwa sababu lilipokuwa juu ya kazi hukuisoma kazi. Tutazungumza siku nyingine, wewe na mimi na mama, na utasema utakalo. Leo sina nafasi ya hasira.

Asubuhi hii nilimwomba Tombe awashe swichi mara toleo jipya likifika. Nilimweleza habari za Adeng na mzee Duku, nikamwonyesha madaftari.

"Nani amekwambia habari za swichi?" akauliza.

"Imeandikwa kwenye maelezo ya toleo."

"Wewe ni karani, Nyandeng. Maelezo ya toleo unayasoma ya nini? Maagizo kutoka Nairobi ni kusasisha Jumatano, basi. Kama Nairobi wangetaka iwashwe, ingekuja imewashwa."

"Na Nairobi wakikupigia?"

"Wakinipigia nitaiwasha. Mimi si mtu mbaya."

Ndiyo hivyo. Hataki hati, hataki barua, anataka sauti ya Nairobi. Namba yake nimeiweka chini. Mpigie. Sema: "Mimi ni Chan Jok wa Kadi, washa swichi ya jina la mama." Maneno kumi na mawili, nimeyahesabu. Mbele yako una siku mbili.

Nakuandikia kwa anwani yangu na kwa jina langu, kwa sababu hili nakuomba kama dada yako. Zol amekwisha.

Nyandeng


Nairobi
4 Mei 2025

Dada, dada yangu,

Sijui nianzie wapi. Barua yako nimeiona leo Jumapili. Siku hizi barua za nyumbani zinaingia kwenye folda yake na mimi nazisoma Jumapili nikiwa na utulivu, ili nisizisome kwa haraka. Kigali nilikuwa najibu za mradi tu. Naapa kwa jina la baba sikuiona.

Nimefungua yale ya Februari. Ni yaleyale. Nimekaa nayo tangu asubuhi, ibada sikwenda.

Nimempigia huyo Tombe sasa hivi. Amesema alishasasisha Jumatano, na kwamba wewe hukukubali kubonyeza, akabonyeza yeye. Amewasha swichi. Najua nimechelewa.

Nitarekebisha hili. Nitatangaza kwenye orodha kwamba mwandishi ni wewe, jina lako litawekwa mahali pa langu, hati nitakusaidia kuijaza. Nimeongea na wenzangu, kuna uwezekano wa nafasi kwenye timu. Ungeweza kuja Nairobi. Niambie tu unataka nini, dada. Chochote.

Chan


Nyakuron, Juba
24 Mei 2025

Chan,

Sikujibu mapema kwa sababu nilikuwa nahesabu.

Jumatano ya tarehe 30 tulianza na kadi 4,506. Kadi yako ilifanya kazi dakika tisa. Zikabaki 4,193. Zimeondoka 313. Nimezipitia moja moja kwa madaftari yangu, siku kumi na tisa, pale zahanati na hapa dukani. Marudio ya kweli yalikuwa 22. Jozi 291 walikuwa watu wawili wawili.

Kati ya hizo nimetenganisha 284. Nimebakiwa na saba.

Jozi hizo saba ni watu kumi na wanne. Walikuja siku za Jumamosi, si zamu yangu, na Lilly hakuwa na daftari. Majina yao yote matatu yanafanana, tarehe ni ileile, simu hawana. Ziara zao zimechanganyika na programu haikubakiza alama. Kadi mojawapo ni ya Achol. Inasema Achol ana mimba ya miezi mitano, na tangu Machi anameza dawa za kifua kikuu. Ni mwanamke mmoja mwenye mimba anayemeza dawa, au ni wanawake wawili, na mmoja wao ameacha dawa kwa sababu akija anaambiwa amekwisha kupewa. Nimemtuma mtu wa boda kuuliza Sherikat yote na nyuma ya kambi ya jeshi ya Bilpam. Wengine wamekwisha kuhama. Mmoja tu amepatikana, akasema yeye si yule.

Kuhusu jina. Usilitoe langu. Tombe ameshajua kuwa nilishika programu. Ulipompigia ulimweleza yote, ukidhani unanisifia. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi, na amekuwa muungwana, ameniruhusu nimalize hesabu hii kwanza. Kwa hiyo kazi imeondoka hata bila saini. Lako liache pale lilipo, juu ya mistari 38. Atakayeuliza nani aliyaandika marekebisho yaliyokuja yamezimwa, ajibiwe ni wewe. Hiyo ni kweli sasa.

Nairobi siji. Kwenye timu siingii. Unauliza nataka nini.

Nilifikiri kosa langu lilikuwa kuficha jina. Nimelipiga hesabu upya. Zol alikuandikia mara tano na hukuwahi kuchelewa kumjibu zaidi ya siku mbili. Mimi nilikuandikia kwa jina alilonipa mama, siku mbili kabla, na ukaniweka Jumapili. Ningetumia anwani ya Zol ungempigia Tombe kabla ya chai. Hilo ndilo kosa, na ni langu, nalikubali: siku iliyokuwa na maana nilitaka uwe ndugu yangu.

Mama hajui lolote. Nimemwambia uko Kigali bado.

Namba za kadi ni hizi: 0388, 1172, 1905, 2240, 3017, 3661, 4109. Wewe ni mtu wa taaluma na programu ni yako. Ukijua nani ni nani, niandikie. Usipowajua, usiniandikie.

Nyandeng Jok